Tuta la Tatu la Nyamianda

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, amri ya kutotoka nje inapokwisha, Sylvestre anafungua mlango wa nyumba yake ya Nyamianda, mjini Uvira, na kutoka na kamba mkononi. Ni kamba ya katani, yenye fundo kila dhiraa. Anaifunga kwenye kigingi, anaivuta mpaka ukuta wa choo, anachuchumaa na kuikagua kwa jicho moja.

Imenyooka. Hata hivyo haanzi kulima. Anabaki amesimama kwenye kona ya choo, jembe begani, akiangalia udongo kama mtu anayemwangalia mbwa asiyemjua.

Matuta mawili ya kwanza yako tayari. Yamechimbwa hadi magotini, yakajazwa majani makavu, samadi na majivu ya moto wa kukaushia ndagala, dagaa wa ziwani. Tuta la tatu limeishia nusu. Siku ya Alhamisi, hapo kwenye kona, jembe lake liligonga chuma.

Leo ni Jumamosi, na wanajeshi wameahidi kurudi.

Sylvestre ana miaka arobaini na mmoja. Kwa miaka kumi na tatu alikuwa mtunza bustani wa Mzungu mmoja wa kampuni ya pamba. Alipanda kabichi, karoti na maua ambayo majina yake hakuyajua. Mwaka wa uhuru, 1960, Mzungu alipakia masanduku akaondoka. Mbuzi wakaimaliza bustani kwa majuma mawili.

"Minye nilijifunza kupanga udongo," anasema. "Tuta liwe la upana gani, ili mkono ufike katikati bila kulikanyaga. Kitu kirefu kikae upande gani, kisizibie kifupi jua. Lakini miaka yote ile, hapa kwangu hapakuwa hata na jani la lenga-lenga. Jioni ninarudi nimechoka, mama wa watoto anakwenda kununua mboga sokoni."

Siku hizi sokoni hakuna cha kununua. Barabara ya Fizi imefungwa kwa vita, na mihogo ya Makobola haifiki tena. Mihogo michache inayoshuka kutoka mlimani inauzwa mara nne ya bei ya mwaka juzi. Sylvestre hubeba mizigo bandarini Kalundu meli inapotia nanga, na mwezi huu wa tisa zimetia nanga mbili tu. Watoto wake watatu, Claire akiwa mkubwa, wanakula mara moja kwa siku, saa tisa alasiri, ili njaa ya asubuhi na ya usiku zigawane.

Ndiyo maana, mawingu yalipoanza kukaa juu ya milima, alichukua kipande cha mkaa akachora bustani yake nyuma ya mlango wa nyumba. Miraba sita. Lenga-lenga, yaani mchicha, ambao huchumwa baada ya majuma matatu. Bilinganya. Viazi vitamu kando ya ukingo. Na matuta matatu ya maharagwe, kwa mbegu ambazo mke wake Agathe alipewa na mama yake walipokuwa wakimbizi milimani, upande wa Mulenge. Ni kilo mbili, zimehifadhiwa kwa majivu ndani ya kibuyu. Mara mbili Agathe ameinua kibuyu hicho kuelekea chungu, na mara mbili amekirudisha.

"Tukizila, ni siku nne," anasema Agathe. "Tukizipanda, Mungu anajua."

Majirani walicheka tangu siku ya kwanza. Aliyecheka kuliko wote ni Libérate, mjane wa upande wa pili wa ua, mzaliwa wa bonde la Ruzizi, ambaye ulimi wake unajulikana avenyu nzima, mtaa wote.

"Eh, Baba Claire!" aliita juu ya matete ya ua. "Wanaume wenzako wanakwenda ziwani, weye unapima udongo na kamba kama fundi wa masanduku ya maiti! Mboga iko kazi ya mama!"

"Mama Libérate, tumbo liko la nani?"

"Tumbo liko lako. Lakini sikia neno langu: kona ile ya choo, acha. Udongo wake uko chumvi tupu. Hata majani hayaoti."

Sylvestre aliangalia kona ile. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni. Alidhani jirani anaendelea kumtania.

Mji huu una sababu ya kuogopa mtu anayechimba. Mwezi wa tano mwaka jana, waasi walipokuwa wanaingia, watu walizika kila walichoshindwa kubeba: sufuria, redio, nguo za arusi. Waasi nao, walipokuwa wanaondoka, inasemekana walizika bunduki. Tangu jeshi la serikali lirudi, doria hupita na fito za chuma zikichoma ardhi ya viwanja kutafuta silaha. Mwanaume mmoja wa avenyu ya jirani alikutwa na risasi tano chini ya jiko lake. Alisema si zake. Mpaka leo hajarudi.

Na nyumba ya Sylvestre ilikaliwa na waasi miezi mitano. Aliporudi kutoka milimani alikuta majivu ya moto wao sebuleni. Walichoacha chini ya ardhi, hakukijua.

Jumatano doria iliingia uani. Iliongozwa na kaporali kijana aitwaye Basile, mtu wa mbali, mwenye Kiswahili cha haraka. Alitazama kamba na vigingi. Alitia mguu ndani ya tuta, likamfika gotini.

"Hili iko handaki?"

"Hapana, chefu. Iko tuta ya maharagwe."

"Maharagwe!" Kaporali aliwageukia wenzake. "Mama yangu analima maharagwe tangu sijazaliwa. Anakwaruza udongo na jembe, basi. Nani anachimbia maharagwe kaburi?"

Kisha akaona mlango, na nyuma yake miraba sita ya mkaa, na mistari, na alama ya choo, na alama ya barabara.

"Na ramani hii? Unamchorea nani?"

Sylvestre alieleza: huu ni mraba wa lenga-lenga, hapa ni njia ya kupita na maji. Kadiri alivyoeleza, ndivyo mambo yalivyozidi kusikika kama uongo. Mwisho kaporali alisema atarudi Jumamosi na fito, achome kila mraba wa ramani ile. Akamkataza mtu yeyote wa nyumba kulala kwingine.

Kesho yake jembe likagonga chuma.

"Ilikuwa sauti ndogo tu, ta!" anasema. "Nilifunika na udongo mbio, nikakaa juu yake kama kuku."

Alimwambia Agathe peke yake. Agathe alitaka kitu hicho, chochote kile, kitolewe gizani na kutupwa ziwani.

"Baba Claire, ziwa halina mulomo."

"Barabara ya kwenda ziwani iko nayo. Mwenye kukutwa na kitu gizani, anakufa nacho."

"Basi upeleke habari kambini."

"Nitasema nini? Kwamba nimejua leo? Nimelima siku sita!"

Walibishana kwa sauti ya chini siku nzima ya Ijumaa, huku kona ile ikiwa imefunikwa kwa nyasi. Mwishowe Sylvestre aliamua: hatachimbua, hatatoroka. Wakija, yeye ndiye atakayesema kwanza. Alimwomba Agathe awachukue watoto aende nao kanisani asubuhi ya Jumamosi. Agathe alikataa.

"Tulikimbia pamoja, tutangoja pamoja."

Na sasa wanangoja. Saa moja inapita, saa mbili. Agathe anachagua mbegu kwenye ungo, anatoa zilizotobolewa, anarudia kuchagua zilizokwisha kuchaguliwa. Juu ya milima wingu limeshuka hadi kwenye miti. Upande wa pili wa ua, Libérate, ambaye kila siku huwa na neno, leo ameshika ufagio tu. Anafagia mahali pamoja.

Saa tatu wanafika, watano. Sylvestre anavua kofia kabla hawajaingia vizuri.

"Chefu, mbele ya kuchoma, niko na neno. Pale kwenye kona iko chuma. Alhamisi jembe langu lilikigonga. Sikukiweka minye, na sikijui."

Kaporali Basile anamtazama, anahesabu kwa vidole.

"Alhamisi. Leo iko siku gani?"

"Jumamosi, chefu."

"Siku mbili ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naogopa."

Anaamriwa achimbe mwenyewe. Askari mmoja anasimama nyuma yake, mdomo wa bunduki ukielekea mgongoni. Wengine wanarudi nyuma hatua kumi, kwa sababu kama ni bomu, ni heri limpate mwenye jembe. Sylvestre anatupa jembe, anapiga magoti, anachimba kwa vidole. Unaonekana mkeka, mkeka wa matete wa wanawake wa bonde, umefungwa kwa kamba za mgomba zilizooza.

Hapo ua unavunjika. Libérate anapita katikati ya matete, kitambaa cha kichwa kimebaki kwenye mti.

"Yangu! Iko yangu! Musimuue baba wa watu, iko mashini ya kushona!"

Askari wawili wanamgeuzia bunduki. Anainua mikono, lakini mdomo hauachi. Mashine ni ya marehemu mumewe, Habonimana, fundi wa nguo. Waasi walipoingia walitaka ua wake uwe jiko lao. Nyumba ya Sylvestre ilikuwa tupu wakati huo, wenyewe wameshakimbia. Akabeba mashine mchana kweupe, imefungwa kwenye mkeka, akaizika kwenye kona ya jirani.

"Mchana kweupe?" anauliza kaporali. "Hawakukuuliza?"

"Waliuliza. Nikasema nazika mubwa."

Askari mmoja anacheka kabla ya kujizuia. "Mubwa wa chuma!" Mwingine naye anacheka. Bunduki ya nyuma ya Sylvestre inashuka kidogo, na mwanaume huyo, ambaye bado yuko magotini, anaegemeza paji la uso kwenye ukingo wa shimo.

Mkeka unafunguliwa. Ni cherehani kweli, imepakwa mawese kila mahali, nyekundu kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Kaporali anazungusha gurudumu, nalo linazunguka.

Lakini Libérate hana karatasi yake. Ilichomwa pamoja na sanduku la nguo. Kaporali anasema mashine itakwenda kambini hadi mkubwa aamue. Fito zinachomwa katika miraba mingine, ndani ya matuta mawili yaliyokwisha kulainishwa, na hakuna kinachogongwa. Anaamuru ramani ya mlangoni ifutwe na shimo lifukiwe kabla ya saa sita.

Langoni anageuka. "Kweli maharagwe yanataka shimo vile?"

"Mizizi yake inashuka, chefu. Jua likikaza, chini inakuta maji."

"Nitamwambia mama yangu," anasema Basile. Kwa mara ya kwanza anaonekana kijana wa miaka ishirini na kitu.

Walipoondoka, Agathe alimgeukia jirani yake. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ulimwacha bwana yangu akae mbele ya bunduki kwa ajili ya sindano."

"Mama Claire, ile sindano ndiyo ilikuwa mulango wangu wa kesho. Nilifikiri hatafika kwenye kona. Nilimkataza! Kila siku nilimkataza!"

"Ulimutania."

"Ningesema namna gani?" Machozi yalimshinda mjane huyo. "Ningesema nimezika kitu, wangeuliza nilikuwa na urafiki gani na waasi, mpaka waniache nizike."

Sylvestre alichukua jembe akaanza kufukia shimo. Alikaa chini mara mbili. Baada ya muda mtu alimwaga kikapu cha samadi karibu na miguu yake. Alikuwa Libérate. Alikwenda akarudi na kingine, na cha tatu kilikuwa majivu, na hakuna aliyemwambia aendelee au aache. Kikapu cha nne, Agathe alikipokea mkononi mwake.

Kwa desturi ya watu wa Agathe, mwanaume analima, lakini mbegu ya kwanza inatoka mkononi mwa mama. Agathe alivua viatu. Alitembea kando ya kamba, akatia mbegu mbili mbili katika kila fundo, akafunika kwa kidole cha mguu. Saa kumi alasiri wingu lilishuka kutoka mlimani, mvua ikapiga mabati ya Nyamianda, na familia nzima ilisimama mlangoni kuangalia kama matuta yatashika, yasibebwe na maji. Yalishika.

Siku ya nane maharagwe yalitoka, yakiwa yameinamisha vichwa kama watoto wa katekisimu. Kila Jumatatu Sylvestre anakwenda kambini na Libérate kushuhudia kwamba mashine ni ya marehemu. Bado hawajarudishiwa. Wameambiwa warudi Jumatatu nyingine, na watarudi. Agathe hajamsamehe jirani yake kabisa. Anasema atamsamehe mashine ikirudi na mjane akimshonea Claire gauni bure.

Pengo kwenye ua halijazibwa. Sylvestre amekwisha kupima kwa hatua upande wa pili: kiwanja cha mjane kinaweza kuchukua matuta manne. Akivuna mwezi wa kumi na mbili, atatenga mbegu za huko kabla ya chungu, na msimu wa pili atalima viwanja vyote viwili kama shamba moja. Anataka pia kuwaonyesha watu wa avenyu, maana tayari wawili wamekuja kuazima kamba.

Je, vita vikipanda tena kutoka Makobola, atafanya nini?

Anafikiri huku akichomoa gugu dogo.

"Nitakimbia. Siko kichaa, niko na watoto. Lakini mwaka jana niliacha nyumba tu, na nyumba inajua kungoja mwenyewe. Miezi saba sikuona haraka ya kurudi." Anatupa gugu njiani. "Maharagwe hayangoji muntu. Mara hii, bunduki zikinyamaza tu, muniangalie barabarani nikirudi."