Nishushe kwa Iliyoungua

Kwa fundi cherehani, hapa Gitega, mfanyabiashara aliyerudi kutoka Ulaya alitusimulia alivyotembezwa na watalii wenzake kwa miguu katika mji wa huko. Kiongozi wao aliwaonyesha nyumba za Wayahudi waliochukuliwa wakati wa vita vya zamani, na mtaa ilikopigwa filamu juu yao.

"Alitaja majina ya wenye nyumba?" akauliza mama mmoja kutoka Muyinga aliyekuja kuchukua gauni.

"Ya waigizaji tu, mama."

Mama akakunja gauni polepole. "Kwetu iko nyumba, watu wanamwambia shoferi, 'Nishushe kwa iliyoungua.' Ilikuwa ya dada yangu."

Fundi akasimamisha cherehani. "Aliitwa nani?"

"We ni wa kwanza kuuliza." Akalitaja jina.

Nasikitika siwezi kuliandika. Vita vyetu havijaisha, na majina yanaponza watu. Basi, msomaji, ukifika Muyinga, shuka kwa iliyoungua.