Mtutu wa Kiume na Mtutu wa Kike

Enzi za Waingereza nilibeba bunduki za watu kwa miaka mingi bila kuwa na yangu. Wawindaji walishuka kwenye gari moshi Korogwe na masanduku yao, tukapakia lori, tukavuka kwenda nyika za Handeni. Kazi hiyo niliifanya na shemeji yangu, mume wa dada yangu, Mzigua wa Kwaluguru. Mimi ni Msambaa, kwetu Kerenge. Shemeji alibeba bunduki ya kwanza, ile ambayo bwana angeipiga. Mimi nilibeba ya akiba.

Zilikuwa bunduki za mitutu miwili, za kuwindia ndovu na mbogo. Mitutu imelazwa pamoja, kila mmoja na kifyatulio chake, ili mnyama mkubwa akikujia uwe na risasi ya pili papo hapo. Kwa mbali zote zilifanana. Ukizibeba kutwa nzima juani ndipo unazijua.

Za London zilikuwa nzito, lakini uzito wake ulikaa katikati, hivyo bega halikulalamika. Nyundo zake, zile zinazogonga risasi ilipuke, zilifichwa ndani. Ukiikunja kuifungua, maganda yaliyokwisha kupigwa yalichupa yenyewe, na ukiifunga ililia kwa sauti ndogo, kama mlango wa kabati la tajiri. Za Birmingham zilikuwa na umbo lile lile bila michoro na bila mbao ya kifahari, na sikuona hata moja iliyogoma. Ya Kijerumani niliishika moja tu, mali ya Mgiriki aliyesimamia shamba la mkonge karibu na Korogwe ya Zamani. Mtutu mmoja ulikaa juu ya mwenzake. Ilikuwa rahisi kulenga, lakini kuufikia mtutu wa chini ilibidi uipanue kama mdomo wa punda anayekataa dawa.

Na kulikuwa na ya Kibelgiji, mzigo wangu. Hiyo nyundo zake mbili zilikaa nje, zimesimama kama masikio ya mbuzi, na ilibidi uzivute kwa kidole gumba kabla ya kupiga. Maganda uliyang'oa kwa kucha. Shemeji hakuiheshimu hata kidogo.

"Shemeji, hiyo ni bunduki au jembe?"

"Jembe ndilo linalokulisha."

"Linalisha wazee. Vijana tunabeba London."

Mitutu yenyewe tulikuwa tumeipa majina. Wazee wetu huuita mkono wa kulia mkono wa kiume, na wa kushoto wa kike, basi mtutu wa kulia tukauita mume na wa kushoto mke. Katika kila bunduki tuliyoijua kifyatulio cha mbele kilikuwa cha mtutu wa kulia, nacho ndicho bwana alichovuta kwanza. Kwa mbogo tulitia risasi laini kwa mume, ile inayopasuka mwilini na kubaki humo, na kwa mke tukatia ngumu, inayopenya mifupa, endapo mnyama atageuka au atakuja.

"Mume ndiye anayeanza kusema nyumbani," shemeji alipenda kusema kila alipozitia.

"Kwako labda. Siku niliyolala kwenu, dada ndiye aliyeanza, na wewe hukupata nafasi."

Tulikuwa na desturi nyingine pia, ambayo hakuna aliyetufundisha. Wazungu wengi waliofika wapya walikivuruga Kiswahili. Mmoja alisema "kesho" akimaanisha jana. Mwingine alipiga kelele bafuni akitaka supu, shemeji akampelekea sabuni bila kuuliza, na bwana akashukuru. Mbeba bunduki mzuri alitenda alichokusudia bwana, si alichokisema. Shemeji alisifiwa sana kwa hilo.

Ndipo akaja bwana mmoja mwembamba, mgonjwa wa jino, ambaye alilala ndani ya lori kutoka Korogwe hadi kambini bila kutamka maneno kumi. Chai aliipokea kwa mkono wa kushoto.

"Hana adabu huyu," shemeji alinong'ona.

"Hao hawafundishwi."

Bunduki yake ilikuwa ya London, nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Jioni nilipokuwa nikiifuta mafuta niliona kitako chake kimepinda kidogo kuelekea upande usio wa kawaida. Nikadhani mbao imekunjwa na joto la safari ya meli.

Asubuhi, tulipokuta nyayo mbichi za mbogo, bwana alimtazama shemeji akasema polepole, huku ameshika shavu:

"Laini kushoto. Ngumu kulia."

"Ndiyo, bwana," akajibu shemeji. Kisha akatia laini kulia na ngumu kushoto, kama ilivyo ada, akanikonyeza. "Amechanganya. Wote huchanganya."

Tulimkuta dume amesimama ubavu, nyuma yake kichaka kizito cha miiba. Shemeji akampa bwana bunduki. Bwana akainyanyua, na kitako kikaenda kwenye bega la kushoto.

Chai ya mkono wa kushoto, kitako kilichopinda, maneno yale ya asubuhi, vyote vilinijia kwa pamoja, na nikaelewa kwamba mtu huyu alikuwa ametengenezewa bunduki iliyogeuzwa yote, hata vifyatulio. Katika bunduki hii mke ndiye aliyeanza. Nilifungua mdomo, lakini mbeba bunduki hapigi kelele bwana akishalenga. Mlio ukatangulia.

Dume aliyumba, akakimbia, tukamsikia akianguka na kukoroma. Bwana alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. Hakujua kwamba risasi iliyotoka ilikuwa ngumu, kwamba ilikuwa imepita katikati ya dume na kutokea upande wa pili. Mimi nilijua, na nikakikodolea macho kile kichaka. Shemeji alikuwa anamwendea bwana na risasi mpya mkononi, uso wote meno.

"Shemeji, rudi!"

Kichaka kikapasuka. Akatoka mbogo jike, damu ikimchuruzika begani, mahali ambapo risasi ya mwenzake ilimkuta akiwa amejificha. Bwana hakukimbia. Alivuta kifyatulio cha nyuma akiamini anapiga ngumu. Nililiona vumbi likiruka kwenye mzizi wa pembe, nikaona risasi laini imepasukia pale pale juu kama yai bovu. Yule mbogo hata kichwa hakukitikisa. Alimpita bwana, akamwokota shemeji kwa pembe, akamtupa.

Mpaka leo sijui jinsi ya kuueleza ukimya uliofuata. Nadhani haukuwepo, nadhani kulikuwa na kelele nyingi, lakini mimi sikusikia kitu. Nilimwona mume wa dada yangu hewani, mikono wazi, kama nguo iliyoponyoka kambani. Kisha akawa chini, na yule mbogo akawa anageuka kumrudia.

Vidole vyangu vilikuwa vimeshavuta nyundo zote mbili za lile jembe langu la Kibelgiji. Bwana alinyoosha mkono bila kutazama nyuma, nami nikaitia bunduki kiganjani mwake. Ndani mlikuwa na ngumu mbili. Alizitupia jicho zile nyundo: zote zimesimama. Nyundo haisemi kulia wala kushoto. Imesimama au imelala. Akalenga, akapiga mtutu mmoja, kisha wa pili, na mbogo akapiga magoti karibu kabisa na miguu ya shemeji, akabaki hivyo, kama anayesujudu.

Shemeji alikuwa hai. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekunjika mahali pasipo na goti. Bwana alipiga magoti akamfunga kwa mkanda wake na matawi. Alipomaliza, aliikunja bunduki yake, akayatazama maganda yaliyotoka, kisha mzizi wa pembe ambapo laini ilikuwa imepasukia.

"Nilisema laini kushoto," akasema. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha karani wa boma. "Nimezaliwa Mombasa. Yaya aliyenilea alinifundisha kushoto na kulia kabla mama yangu hajanifundisha Kiingereza. Kwa nini hukunisikia?"

Shemeji alijiinua kwa kiwiko.

"Nilikusikia, bwana. Nilidhani umekosea. Nikakusaidia."

Bwana hakukasirika. Hilo lilinishtua kuliko yote. Alikaa chini majanini kati ya mbogo na mtu aliyemsaidia, akafunika uso kwa mikono miwili.

Tulirudi Korogwe kwa lori, shemeji amelazwa juu ya turubai, kila shimo la barabara likimtoa ukelele. Njia nzima aliniuliza jambo moja, iwapo mguu utakatwa. Alikuwa na mashamba ya mahindi na watoto wadogo, na Mzigua wa mguu mmoja, alisema, hata nguruwe mwitu watamcheka. Dada yangu, aliyekuwa amepashwa habari na mjumbe tuliyemtanguliza, akawahi kwa lori la mkonge, tulimkuta amesimama mlangoni pa hospitali, khanga imekazwa kiunoni.

Daktari alikuwa Mwingereza mzee mwenye mikono mikubwa. Aliushika ule mguu uliovunjika, akaupapasa kwa muda mrefu, akauliza kama vidole vinahisi. Vilihisi. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Hatukati," akasema. "Huu mguu wa kulia, tutauvuta, tutauweka plasta."

Shemeji alinigeukia. Sijawahi kuona macho ya mtu mzima yamejaa hofu namna ile, hata pale porini.

"Shemeji," alininong'oneza, "amechanganya, au hajachanganya?"

Nilitazama mikono ya daktari iliyoshika mguu wa kushoto, nikasikia kinywa chake kikisema kulia, na kwa kweli sikujua tena ni kipi cha kuaminiwa.

"Kushoto, daktari," ikasema sauti kutoka mlangoni. Ni bwana, kofia mkononi, nyuma ya dada yangu. "Ulioshika ni wa kushoto."

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Hapana," tukajibu wote kwa pamoja, hata dada yangu.

Shemeji akafumba macho, akamwachia daktari mguu wake.