Tulivyompaka manjano mgeni rasmi tukieleza ukuta wa mtambo wa fusion, Kilwa Masoko

Salaam wakuu. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo zenu. Haya yametokea kweli, na ushahidi uko kwenye kanzu ya mtu.

Niko kidato cha tatu hapa Masoko. Klabu yetu ya sayansi ilipewa nafasi ya kundi moja tu kwenda maonesho ya mkoa, Lindi mjini. Mimi na mwenzangu Mwanahawa tuliitaka kufa na kupona.

Yeye kwa ajili ya sayansi. Mimi kwa ajili ya chipsi za Lindi.

Mwanahawa ndiye kichwa, akachagua mada: jinsi ukuta unavyolika kwenye njia ya kutolea uchafu ya mtambo wa fusion.

Kwa lugha ya kijiweni: mtambo huo unaunganisha viini vya atomi, upate moto kama wa jua. Uchafu wa moto unatolewa kwa chini. Chembe zikipita zinagonga ukuta, ukuta unamomonyoka, vumbi lake linaruka kwenda kuganda kwingine. Likirudi kwenye moto, linauharibu. Ndiyo maana wataalamu wanapiga hesabu mapema, wajue vumbi litatua wapi.

Sisi mtambo hatuna. Tuna fundi pancha.

Tukaazima kompresa yake, tukatia mchanga kwenye bomba la plastiki. Mbele tukasimamisha ukuta wa unga wa muhogo na manjano ya mchuzi, umekaushwa juani. Mwanahawa akakokotoa kwenye kompyuta ya shule, akachora duara kwenye kitambaa cha meza. Vumbi litatua hapa.

Darasani tulijaribu mpaka tukachoka. Linatua humo humo.

Siku ya mchujo hapa shuleni ikafika. Mgeni rasmi ni Mzee Bakari, mwenyekiti wa bodi ya shule, kanzu nyeupe imepigwa pasi hadi unaogopa kuisogelea. Pembeni yake mkuu wa shule. Jaji, madam kutoka Lindi, kasimama na kalamu yake.

Mkuu akaona mgeni anajifuta shingo.

"Leteni feni! Mgeni wangu atoke jasho kama yuko kwenye mikorosho?"

Feni ikawekwa nyuma ya meza yetu, inampulizia mgeni. Kwetu mgeni kwanza, mengine baadaye. Hakuna aliyewaza zaidi.

Nikafungua upepo.

Wakuu, Mzee Bakari aligeuka wali wa manjano. Kofia, ndevu, kanzu, vyote.

Mkuu ananitazama mimi, hamtazami Mwanahawa, maana historia yangu anaijua.

Jaji akauliza, "Hesabu zenu zilitabiri hili?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mwanahawa akaniwahi.

"Hapana madam. Feni hatukuihesabu."

"Basi Lindi itakuwa ngumu."

"Naomba niihesabu sasa hivi."

Akaitazama feni inavyogeuza shingo, akakokotoa kwenye kiganja, kisha akanyoosha kidole. "Tukifungua ikiwa imeelekea kushoto, vumbi litatua kwenye kile kiti."

Kile kiti kimekaliwa na mkuu wa shule.

Mkuu akainuka. "Nadhani maelezo yametosha..."

Mzee Bakari akamvuta mkono. "Kaa, mwalimu. Mimi nimeshaiva. Fungua, mjukuu wangu!"

Sasa mimi ni nani nimkatalie mgeni rasmi?

Nikasubiri shingo ya feni. Nikafungua.

Mkuu njano kuanzia kola hadi mkanda. Viti vya jirani, safi. Mzee Bakari alicheka mpaka akakohoa unga, na jaji akatupa nafasi pale pale.

Baadaye mkuu akaniita ofisini. Nikajua hapa narudishwa nyumbani.

"Mnakwenda Lindi," akasema, anapangusa sikio. "Mwanahawa ataeleza. Kompresa ataishika mwalimu wa fizikia."

"Na mimi, mkuu?"

"Wewe vaa shati jeupe. Utakaa kwenye kiti."

Nilichojifunza: ukipiga hesabu, weka ndani na adabu za watu, maana nazo zina upepo wake.

Wataalamu wa nyuklia nikosoeni taratibu. Na mwenye dawa ya kutoa manjano kwenye nguo aitupie hapa haraka. Mazoezi ya Lindi yameanza, limau limeshindwa, na shati jeupe ninalo moja tu.