Siku Niliyojifungia Chooni Mbele ya Mkwe Wangu

Haya, chekeni kabla sijaanza, maana hata leo nikipita Keroka, mji wa jirani, hakosekani mtu wa kuniuliza kama nimeshatoka chooni, na nimeona afadhali mkisikie kisa hiki kutoka kwangu kuliko kwa wale wanaokiongezea chumvi (ingawa, kusema kweli, hakihitaji chumvi).

Miaka ile kabla ya uhuru nilikuwa msimamizi wa nyumba za kupanga za wafanyakazi pale mjini Kisii, mstari mmoja wa vyumba vya matofali na mabati. Wapangaji waliniita Bwana Nyumba. Nilipita mlango kwa mlango kusikiliza nani anavujiwa, nani kagombana na jirani kwa sababu ya moshi wa jiko, mfereji upi umeziba, na zaidi ya yote nilieleza, kwa kuwa kueleza nilikupenda kama wengine wanavyopenda nyama.

Basi vikajengwa vyoo vipya, sakafu ya saruji, milango ya mbao yenye komeo, vikitazamana na veranda za wapangaji, na hakuna aliyeviingia. Watu wakaendelea kwenda migombani karibu na kijito. Bwana Mkubwa, Mzungu aliyesimamia nyumba zote, akaniambia kama vyoo havitumiki, mstari wa pili wa vyumba hautajengwa. Na chumba cha kwanza katika mstari huo nilikuwa nimemwahidi Moraa, mjane aliyefua nguo za hospitali, ambaye alilala na watoto wake katika jiko la mwenye duka mmoja, na mvua ikinyesha wanakesha wamesimama. Kila tukikutana aliuliza, "Bwana Nyumba, bado?" nami najibu, "Karibu, mama, karibu."

Nikaamua (uamuzi mdogo tu, jamani) kwamba shida ya watu hawa ni kutojua komeo. Siku Bwana Mkubwa alipotarajiwa kuja kukagua, nikawakusanya mapema, nimevaa kaptura mpya iliyopigwa pasi mpaka inakata, nikaingia choo cha kwanza, nikafunga mlango na kuanza kuwafundisha kutoka ndani: "Mnasukuma hivi! Kwa nguvu, msiogope!" Nikasukuma kwa nguvu, wala sikuogopa. Mbao zilikuwa mbichi bado, zimevimba kwa mvua, na komeo likaingia likakataa kutoka.

Kwanza niliendelea kueleza. Nilieleza inzi, nikaeleza hewa safi, nikaeleza homa ya matumbo, huku navuta komeo kwa mikono yote miwili, mpaka mzee Bakari, muuza sabuni wa chumba cha mwisho, akauliza, "Bwana Nyumba, somo haliishi? Wengine tumeacha chungu motoni."

"Limekwama," nikasema kwa sauti ndogo.

"Anasema limekwama!" akatangaza Bakari, na veranda nzima ikaangua kicheko.

Seremala wa pale alikuwa mmoja tu, Mzee Ombati, na Mzee Ombati ndiye baba wa mke wangu. Sasa kwetu Wagusii mtu na mkwewe wana heshima yao, tunaiita ensoni: hawataniani, hakuna anayeona kitanda cha mwenzake, sembuse mmoja kumfungulia mwenzake mlango wa choo! Wakamwita, nikasikia sauti yake kwa mbali (niliambiwa baadaye alikuwa ameupa mlango mgongo, anatazama mlima).

"Bakari, mwambie mtu aliye humo ndani alegeze skrubu."

"Bwana Nyumba, mkweo anasema..."

"Sikusema mkwe! Nimesema mtu!"

"Haya, mtu wewe, legeza skrubu!"

Bakari akanipitishia bisibisi juu ya mlango. Ningekuwa na subira ningetoka kama binadamu. Lakini nikasikia gari la Bwana Mkubwa linapanda, nikapagawa, nikaparamia ukuta na kupenyeza kichwa chini ya bati, kikapita, kifua kikapita, tumbo likapita kwa shida, kisha msumari ukaishika kaptura. Nikajisukuma. Kaptura ikapasuka kuanzia kiunoni hadi gotini, nami nikatua nje kama gunia la viazi. Kwa kishindo kile Mzee Ombati, aliyekuwa hajageuka muda wote ule, akageuka.

Akajifunika uso kwa kofia. Moraa, aliyekuwa amekuja kuulizia chumba chake, akafungua leso yake akanizungushia kiunoni, na hivyo ndivyo Bwana Mkubwa alivyonikuta, msimamizi wake, nimesimama katika leso ya maua.

"Kwa nini fundi hapana fungulia wewe?" akauliza.

"Ni baba mkwe wangu, Bwana. Hawezi kuniona naingia humu."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Kwenye zile veranda walikaa akina baba, wana wao, wakwe zao, wote wanatazama milango ileile. Na mimi je? Nilikuwa sijavitumia vyoo vile hata siku moja! Nilikuwa navumilia mpaka ofisini, na sikuwahi kujiuliza sababu.

"Milango si igeuzwe itazame migomba?" akasema Moraa.

"Hata sisi hatupendi kuangaliwa tukibeba kopo la maji," akaongeza Bakari.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungesema saa ngapi?" Moraa akajibu. "Wewe ulikuwa unaeleza."

Bwana Mkubwa alicheka mpaka akashika gari, kisha akakubali milango igeuzwe, na akasema akirudi akakuta vyoo vinatumika, mstari wa pili utajengwa. Wapangaji wakaziba pale pa zamani, Mzee Ombati akatengeneza milango upande wa nyuma, akina mama wakapanda ua wa miti. Bwana Mkubwa aliporudi alikuta njia imekanyagwa hadi haina jani. Moraa akapata chumba chake, na asubuhi iliyofuata mvua ya kwanza akaniambia kwamba yeye na wanawe walilala mpaka jua likawakuta.

Tangu hapo, mpangaji akiwa na shida, nilikaa kwanza kwenye veranda yake na kuuliza, kisha nikanyamaza, na kunyamaza kulinishinda kuliko kazi yote. Na hadi leo, choo chochote nikiingia, komeo siligusi. Naegemeza jiwe mlangoni na kuimba, watu wajue nimo.

Nilimpelekea Mzee Ombati mbuzi wa kuondoa aibu ile. Alimpokea bila kunitazama, akamgeukia Bakari: "Mwambie mtu huyo komeo jipya linateleza vizuri. Ila asilijaribu."