Mkono Uliozoea Joto

Kiwandani walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Kazi yake ilikuwa kuchanganya unga wa kuzuia moto na plastiki ya kuvisha nyaya za umeme, kisha kuendesha mashine iliyoyeyusha mchanganyiko huo.

Unga wa zamani ulizuia moto vizuri, lakini plastiki yake ikishindwa na kuungua hutoa moshi mweusi, mchungu. Shangazi aliujua. Nyumba aliyopanga mdogo wake iliungua upande mmoja tu, na mdogo wake alikuwa amelala upande wa pili. Walipomtoa hakuwa na lengelenge hata moja. Aliyemwosha kabla ya kuzikwa ni Shangazi mwenyewe, na masizi ya puani yalikataa kutoka.

Kwa hiyo ulipoletwa unga mpya wa madini, ambao ukipata moto hutoa mvuke wa maji, aliupokea kama mgeni aliyesubiriwa. Lakini nyaya za kwanza zilitoka na vipele. Za pili vilevile.

"Mgeni wako ana ndui, Shangazi," mpakiaji alimtania.

"Na wewe una mdomo. Kila mtu na ugonjwa wake."

Msimamizi hakucheka. "Shangazi, leo ni mara ya mwisho. Vipele vikitokea tena, tunarudi kwa unga wa zamani."

Shangazi akawasha mashine. Mkono ukaenda wenyewe kwenye swichi ya joto na kuizungusha hadi kwenye alama ya siku zote, kama mtu anavyofungua mlango wa kwao gizani. Hapo akashtuka. Unga huu ukipata moto hutoa maji. Kumbe maji yalikuwa yakitoka humuhumu mashineni na kuvimbisha plastiki, kabla waya haujazaliwa.

"Unga hauna kosa," alisema polepole. "Ni mkono wangu. Ninaupika mno."

Akashusha joto. Mashine ikaenda mwendo wa kinyonga.

"Kwa mwendo huu tutamaliza lini?" msimamizi aliuliza.

"Tutakawia, lakini tutafika."

Waya ulitoka laini. Shangazi akakata kipande, akakichoma uani kama alivyozoea kwa kila mchanganyiko. Kilikuwa kizito kushika moto, na moshi wake ulipanda hafifu, wa kijivu. Msimamizi aliutazama, akakohoa kidogo kwa mazoea, kisha akagundua hakuna kinachomkaba.

"Haya. Endelea nao."

Shangazi alisubiri kipande kizimike chenyewe. Kisha akarudi ndani, akafunga kitambaa juu ya ile alama ya zamani kwenye swichi, mkono usije ukajisahau.