Nilimfungia Mke Wangu Kisiwani kwa Talaka

Mkosa ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu kila nikikisimulia kisa hiki barazani huanza na makosa ya mke wangu, wenzangu wakanipa pole, nami nikarudi nyumbani nimeshiba uwongo. Hapa jina langu halimo, basi sina wa kumwonea haya.

Mimi ni mchinjaji. Bucha yangu ilikuwa Majengo, na nyumba yetu iko Kuze, nyumba aliyotuachia marehemu baba. Tulikuwa wanne: mamangu, mke wangu, binti yetu wa miaka minane, na mimi. Mke wangu nitamwita Zuhura, ingawa silo jina lake. Alikuwa nesi.

Safari ya Maskati ilikuwa yake. Shangazi yake aliyehamia huko zamani alimtafutia kazi hospitalini, na Zuhura akaishika kwa mikono miwili. Alikuwa amechoka. Kwao kazini mgonjwa alikuwa akiambiwa aje na glavu zake na uzi wake wa kushonwa, na asiye na jamaa wa kumnunulia hulala na jeraha lake wazi. Alikuwa akirudi nyumbani halafu hali, anaitazama sahani tu.

Nami nilikubali! Nisijitie usafi. Tuliketi sote wawili tukapanga: yeye atangulie na mtoto, mimi nifuate baada ya mwaka. Siku hizo pasi ya mke ilikuwa haitoki bila ya mume kutia sahihi, basi nikaenda naye ofisini nikatia sahihi, tena kwa mbwembwe, karani akanisifu kuwa mume muungwana. Tukala biriani siku hiyo.

Kilichoniharibu ni baraza. Jioni moja nilikuwa nakunywa kahawa na wenzangu, mmoja akaniuliza, "Sasa wewe Maskati utachinja nini?" Kabla sijajibu, mwengine akadakia, "Atachinja vitunguu! Bibi atavaa sare, bwana atafunga kibwebwe!" Wakacheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Mimi pia nilicheka, lakini ndani nilikuwa nachemka.

Nikaenda moja kwa moja nyumbani. Zuhura alikuwa ametundika ukutani sare mbili mpya alizoshonesha kwa ajili ya safari, nyeupe pe. Nikatoa kisu changu nikazichana zote mbili, mikono, kola, vifungo, mpaka zikawa matambara.

"Una wazimu?" akaniuliza.

"Huendi!"

"Tulikubaliana."

"Nshasema huendi! Mimi si wa kufuata kanga ya mke nti za watu!"

Akaniambia polepole, "Mimi ntakwenda. Wewe ukipenda, fuata. Usipopenda, kaa na baraza yako."

Hilo neno baraza ndilo lililonipiga. Nikamzaba kofi, mdomo ukapasuka. Akanyakua mchi wa kinu akanitwanga nao begani, na haki yake. Nikampokonya nikautupa, nikamshika nywele, nikampiga tena na tena, mkono huu uliozoea kuvunja mifupa ya ng'ombe. Mtoto alikuwa mlangoni akipiga kelele. Mamangu akaja mbio akaniparamia mgongoni, mtu mzima yule, nami nikamsukuma akaanguka.

Hapo ndipo nikatamka. Nilisema kwa sauti, mbele ya mamangu na jirani aliyekwisha kuingia: "Zuhura, siku mguu wako utakapotoka kisiwa hichi cha Mombasa, kwa daraja, kwa feri, kwa chombo chochote, una talaka zako tatu!"

Mamangu, bado yuko chini, akashika kichwa. "Mwanangu, umefanya nini? Mamake yuko Kisauni, ng'ambo ya daraja!"

Wallahi, sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nafikiria uwanja wa ndege tu, ule ulio ng'ambo ya daraja la Makupa. Kumbe nilikuwa nimemkatia Kisauni kwa mamake, Likoni kwa dadake, harusi, mazishi, kila kitu. Mtu mzima na akili zangu nilimfanya mwanamke mfungwa wa kisiwa chenye madaraja pande mbili.

Asubuhi nikamwendea sheikh wa msikiti wetu nikiwa mdogo kama kidonge cha piritoni. Nikamwambia nilikuwa na hasira. Akanijibu, "Kila atoaye talaka huwa na hasira. Hakuna atoaye talaka akicheka." Akaniambia neno lile halirudi. Hata nimpe ruhusa mara mia, akivuka tu, tatu zitamwangukia.

Kisha akasema ipo njia moja. Nimwache kwanza kwa khului, iwe talaka moja tu ya kuafikiana, eda yake iishe, avuke akiwa si mke wangu, na hapo kiapo kifunguke. Halafu nimuoe upya kwa nikahi mpya. "Lakini," akasema, "hapo katikati yeye atakuwa huru. Itakubidi umuamini."

Nikatoka pale nimekwisha kuamua kuwa sifanyi. Nilijiambia: nimwache huru, naye pasi anayo na shangazi anamngojea, halafu arudi kwangu? Kwangu mimi niliyemvunja uso? Zuhura mwenyewe sikumwambia kuhusu njia hiyo. Alikuja kuisikia kwa wanawake wenzake, mwezi mzima baadaye.

Tukaishi hivyo miezi mitano. Alikuwa akienda kazini, akirudi, akipika. Hakunitia maneno. Mamake ndiye aliyekuwa akija kumwona, mama wa watu na miguu iliyovimba, anashuka gari Buxton akijikokota mpaka kwetu. Nami nilikuwa nikimwamkua, "Shikamoo mama," naye akiitikia, "Marahaba, mwanangu." Hakuwahi kunitukana, na afadhali angenitukana.

Halafu akaacha kuja. Habari ikaja kuwa yuko kitandani, hali, maji yamepanda mpaka tumboni. Usiku ule Zuhura alipiga magoti mbele yangu. Mwanamke yule hakuwa wa kupiga magoti!

"Niache kwa khului," akasema. "Nikamuuguze mamangu, eda iishe, kisha unioe. Nakuapia kwa Mungu aliyeniumba ntarudi."

"Na ukipitiliza Maskati?"

"Wewe huniamini?"

"Sikuamini."

"Basi siyui tulioana kwa nini."

Nikampiga teke. Yuko magotini, nikampiga teke la kifua! Ningeweza kuliruka hili, lakini nilianza kwa kusema mkosa ni mimi.

Siku ya pili niko buchani, nakata nundu ya ng'ombe, simu ikaja duka la jirani. Ni mamangu. "Mkeo atoka na mtoto. Yuwaenda daraja la Nyali. Mwache, mwanangu, nakuomba." Sikungoja amalize. Nikatoka mbio vile nilivyo, na aproni yangu ya damu na kisu mkononi. Wallahi kisu nilikisahau, lakini nani ataamini, na kwa nini aamini?

Niliwakuta ndio kwanza wanaanza kupanda daraja, yeye na buibui lake, mtoto amemshika mkono. Nikamdaka kwa buibui nikamvuta likachanika.

"Rudi nyumbani!"

"Mamangu yuwafa. Niache!"

"Huyui ukivuka ni nini?"

"Nayua. Ulinisomea mwenyewe."

Nikamvuta tena. Akaniuma kidole kwa nguvu zake zote, nami nikainua mkono ule mwengine kumpiga, ule wenye kisu. Nikasikia mtoto anasema, "Baba, kisu!" Damu ya Zuhura ilikuwa inachuruzika tangu kiwiko mpaka vidoleni, na mimi nimeduwaa.

Mahamali waliokuwa wakisukuma mkokoteni pale hawakuuliza. Walimwona mtu wa aproni ya damu anamchinja mwanamke barabarani. Wa kwanza alinipiga ubao wa mgongo. Nikaanguka, wakanikanyaga mkono mpaka kisu kikatoka, wakanipiga mateke ya mbavu na uso, jino likaenda, jengine likafuata. Mmoja akapaza sauti iletwe tairi nitiwe moto. Nilikuwa nalia kama mtoto, "Ni mke wangu! Ni mke wangu!" Wakazidi kunipiga.

Aliyeniokoa ni yeye. Alijisukuma katikati yao, mkono umefungwa kwa kipande cha buibui, akawaambia wasiniue. Kisha akaniinamia. Mimi shavu liko kwenye lami, jicho moja limeziba.

"Talaka yangu umeiweka ng'ambo ile," akasema. "Naifuata."

Akamshika mtoto mkono wakaenda. Nililala pale mahamali wamenikalia mgongoni, nikamtazama kwa jicho moja akipanda, akishuka, mpaka sikumwona. Ilimchukua dakika chache tu kuwa si mke wangu. Hakugeuka hata mara moja, ila mtoto aligeuka.

Zuhura alimkuta mamake hai. Alimuuguza siku tisa, mama akafia mikononi mwake. Mimi nikapelekwa mahakamani nikafungwa miezi minane, na nilipotoka bucha ilikuwa ina mtu mwengine. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena, kwa hivyo siwezi hata kushika kisu cha kazi. Zuhura yuko Maskati. Alikaa eda yake Kisauni, akaondoka na binti yangu, na nasikia kovu la mkono humfanya asivae mikono mifupi hata joto likiwa kali namna gani.

Msinitumie ushauri wa kumrudia. Talaka ni tatu, na hata zingekuwa moja, ningerudi na uso gani?

Enyi wanaume wenzangu, hasa nyinyi mliopo Mombasa na wake zenu wanaitwa na shangazi Ghuba na Ulaya: talaka si jiwe la kumrushia mtu. Na wale jamaa wa baraza, walionicheka, hakuna hata mmoja aliyekuja kunitazama jela. Msiwape ndoa zenu wazipime.

Nimeijua kweli yangu nikiwa nimelala kwenye simiti ya seli. Sikuwa nimekasirika siku ile ya sare. Nilikuwa naogopa. Niliogopa kufika nchi ya watu nikawa si kitu, niwe mume wa nesi, siijui kazi wala njia ya sokoni. Zuhura alikuwa mtu wa kusikia hayo. Alikuwa akiwasikiliza wagonjwa hofu zao kutwa nzima, na kwangu asingecheka.

Mkeo akikwambia anataka kwenda, nawe moyo ukakupiga, mwambie, "Mke wangu, naogopa." Jaribuni sasa hivi kulitamka, mwone lilivyo jepesi. Mimi lilinishinda.