Alama Zilizogeuka Paundi

Januari ya 2008 nilikuwa nachapa kazi za watu kwenye chumba kimoja pale Kawangware 56, Nairobi, nyuma ya saluni. Mimi ni mtu wa Machakos, kabila langu halikuwa upande wowote. Siku hizo za vurugu za baada ya uchaguzi, kila upande uliniuliza nilimpigia nani kura, na jibu langu halikumridhisha yeyote.

Mwalimu mmoja wa hesabu, mkazi wa Soweto West kule Kibera, aliniletea mtihani alioandika kwa mkono. Shule zilikuwa bado zimefungwa. Nikajiuliza, mtihani wa nini sasa?

"Niandike jina gani kwenye faili?" nikamuuliza.

"Andika Mwalimu."

Nikaandika. Lakini haikuwa faili iliyonifanya niulize. Nilitaka kusikia jina nijue ni mtu wa kabila gani, na nadhani alilijua hilo.

Kazi yenyewe ilinichosha. Kibodi haina kipeuo cha pili, wala ile alama ya "ndogo kuliko au sawa na". Ilibidi nichague fonti ya alama, niitafute kila moja kwenye jedwali, niibonyeze, kisha nirudi kwenye herufi za kawaida. Nilimaliza baada ya siku mbili.

Printa yangu ilikuwa imeishiwa wino, na sikuthubutu kwenda kununua mjini. Nikachukua flashi nikaenda kwa mwenye ploti niliyopanga, mzee aliyezaliwa hapo hapo Kawangware, ambaye alikuwa na kompyuta na printa kwenye hadiwea yake, duka la vifaa vya ujenzi. Karatasi ya kwanza ilipotoka akaishika yeye.

"Hii ni nini? x, alama ya paundi, kumi na mbili. Nani analipwa paundi?"

Nikachungulia. Kila "ndogo kuliko au sawa na" imekuwa £. Kila kipeuo kimekuwa Ö.

"Mzee, ni hesabu. Kompyuta yako haina ile fonti."

"Na hizi A, B, C? Ni nyumba za nani?"

"Ni pembe za pembetatu."

Hapo nikaelewa: alidhani ni orodha ya nyumba za kuchomwa na malipo ya watakaozichoma. Akafunga mlango wa ofisi. Wanaume wawili waliokuwa wananunua misumari walikuwa wameshageuka kututazama.

Nikamwomba anifuate chumbani kwangu, kwenye mashine yangu. Nikamwonyesha: kompyuta haiweki mchoro wa alama, inaweka namba tu, na fonti ndiyo inayoamua namba ile ionekane vipi. Nikabadilisha fonti, £ ikawa alama ya hesabu. Nikairudisha, ikawa £ tena. Nilidhani nimejiokoa.

"Kumbe unaweza kuandika kitu kimoja na kikasomeka kingine," akasema taratibu. "Nani amekufundisha hiyo?"

Tulikuwa bado tumesimama hivyo Mwalimu alipoingia kuchukua kazi yake. Mzee hakumsalimia. Akamnyooshea karatasi.

"Wewe ndio mwenye hii? Fanya hii ya kwanza. Hapa, nikiona."

Mwalimu akachukua kalamu. Alieleza kila hatua kwa sauti, kama yuko darasani. Mzee alifuata kwa kidole. Mwishoni akasema, "Hii hata sisi tulifanya." Kisha akanigeukia. "Lakini hizo alama usichape tena kwa ploti yangu mpaka watu watulie."

Kwa hiyo nikachapa upya maneno na namba, alama nikaziachia nafasi, mzee akatutolea kwenye printa yake. Mwalimu akakaa kando yangu akizijaza kwa kalamu. Aliniambia mtihani ni wa wanafunzi wake waliokuwa wanalala kanisani baada ya nyumba zao kuchomwa. Alitaka wawe na kitu cha kufanya mchana.

Nilimwamini. Hata hivyo, kila alipoinama kuandika, nilinyoosha shingo nikaangalia anachoandika.